Glavu za Kumngojea Kulungu

Rayners Lane, London
10 Septemba 2024

Manish, mdogo wangu,

Jai Jinendra. Naanza na lile la lazima la kila mwaka: ikiwa nimekukosea kwa moyo, kwa ulimi au kwa mkono, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Mama yetu, Ba, ameketi hapa kando yangu kuhakikisha nimeliandika. Yeye mwenyewe amekwisha kuandika barua kumi na tisa za kuomba msamaha mwaka huu, zote kwa Kigujarati, moja ikienda kwa yule jirani wa Nyahururu aliyetuazima sufuria tukaitoboa. Nilipomkumbusha kwamba jirani huyo alifariki mwaka 1991, Ba akasema, "Watoto wake wapo."

Sisi wazima. Ba amefunga siku tatu kwa maji ya moto tu, na miaka yake themanini na minne, na daktari wake hana habari. Goti la Nitin linampa visingizio vya kutopanda ngazi. Poonam namsemesha kwa Kigujarati na Kiswahili, ananijibu "Yeah, Mum" kwa vyote viwili. Duka langu la nyuzi hapa karibu na stesheni linakwenda; wanawake wameanza kununua sufu za baridi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu unazozijua. Mume wangu Nitin alizaliwa Leicester, hajui hata "jambo". Ba anakielewa kwa masikio, cha dukani, lakini hakisomi. Na simu ya nyumba hii huzungumzwa kwa spika, kila mtu anasikia mpaka jirani.

Sasa lenyewe. Poonam alinionesha picha kwenye mtandao, kwenye ukurasa wa jirani yako Ambrose. Kuna mtu amesimama chini ya mti, amevaa nguo za rangi ya majani makavu, na mkononi ana upinde. Nimeikuza ile picha mpaka sura ikavurugika, nikairudisha, nikaikuza tena. Pua ni ya marehemu baba. Mishale ina vichwa vya chuma.

Manish, sisi Wajaini tulilelewa kuwatoa sisimizi nje ya nyumba kwa karatasi. Sijakasirika, au nimekasirika kidogo, lakini zaidi nataka kujua. Unakaa wapi huko? Unangoja nini? Unawaza nini ukingoja? Na hili lijibu kwanza: umeua?

Dada yako,
Nishma


Edmonton, Alberta
3 Oktoba 2024

Dada,

Jai Jinendra. Nami naomba msamaha, wa mwaka huu na wa barua yako ya mwaka jana ambayo sikuijibu. Mguse Ba miguu kwa niaba yangu. Mwambie akifunga asiache vidonge vya presha; hapo nasema kama mfamasia, si kama mtoto wake. Wanangu wako Toronto, hunipigia Jumapili. Nyumba imekuwa kubwa. Mwezi ujao inatimia miaka mitatu tangu mke wangu afariki.

Ndiyo, ni mimi pichani. Ambrose ni fundi bomba mstaafu. Ule msimu wa kwanza baada ya msiba alikuwa akija kuniondolea theluji mlangoni bila kuniuliza, halafu siku moja akaniambia, njoo nikuoneshe mahali pa kukaa kimya. Ni kiti kidogo cha chuma kilichofungwa mtini, kama mita tano juu. Unapanda kabla jua halijachomoza, unajifunga mkanda usianguke, unatulia. Hukohoi, husogei, huwazi sana. Kuzunguka mji huu bunduki hairuhusiwi, ni upinde tu, mpaka mwisho wa Novemba, na mnyama lazima awe karibu, hatua ishirini. Kwa hiyo kazi yote ni kutulia. Ba hukaa dakika arobaini na nane kila asubuhi na sala yake. Mimi nakaa saa tatu, na ndizo saa pekee ambazo sisikii ukimya wa nyumba yangu. Nilimuuliza Ambrose kama naweza kukaa bila upinde. Akasema mzee akikaa mtini bila upinde, watu huita polisi.

Shida yangu ni mikono. Mwili nimeufunika, miguu nimeifunika, lakini upinde wangu ni wa kuvuta kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, na vidole hivyo vikivaa kitu kinene havihisi uzi. Mkono wa kushoto unashika mpini wa chuma na chuma kinanyonya joto lote. Ikifika nyuzi kumi chini ya sifuri, baada ya nusu saa vidole vinakuwa si vyangu. Vikirudi, vinauma mpaka machozi. Nina vifuko vya unga wa chuma vinavyotoa joto ukivitikisa, lakini navyo husinzia kwenye baridi kali.

Ombi: Ba bado anafuma? Nataka glavu za sufu. Ya kushoto iwe nene. Ya kulia iache wazi ncha za vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete. Madukani ziko za ngozi, nzuri sana, lakini siwezi kuvaa ngozi, unajua.

Usimwambie ni za nini.

Manish


Rayners Lane, London
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Jai Jinendra na heri ya Diwali inayokuja. Ndani ya kifurushi hiki kuna chevdo na glavu. Kula kimoja, vaa kingine. Ba hajambo, isipokuwa kikohozi anachokiita vumbi. Nitin anakusalimu. Balwinder wa duka la jirani, yule Singasinga wa Nakuru, naye anakusalimu, na utaona sababu.

Nimecheka mpaka nikakaa chini: huwezi kuvaa ngozi! Unamngojea mwenye ngozi hatua ishirini, na ngozi yenyewe huwezi kuivaa. Nilitaka nikuandikie matusi. Badala yake nikaanza kuiwaza mikono yako, nikashindwa kuacha. Nikajiuliza, hivi baridi huingilia wapi? Ba anasema wazi kabisa: si kwenye vidole, ni kwenye kifundo cha mkono, pale mishipa inapoonekana. Anasema asubuhi za Nyahururu, akipima sukari dukani, alikuwa akijifunga vitambaa vifundoni na vidole vilikuwa vikifanya kazi vitupu.

Sikutaka kuamini kwa masikio. Nikaenda kwa Balwinder, nikaomba friza yake. Siku ya kwanza nilitia mikono mitupu ndani dakika tano, nikaitoa, nikajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Nilishindwa kabisa, sindano ikaanguka mara tatu. Siku ya pili nilifunga sufu vifundoni tu, vidole wazi. Dakika tano. Nikatunga uzi mara ya nne. Siku ya tatu nikaongeza mfuko wa sufu tumboni, mikono ikakaa humo kwanza, halafu friza. Nikatunga mara ya kwanza! Nikapiga kelele. Balwinder akatoka nyuma ya kaunta.

"Nishma, hiyo friza ni ya paratha, sio ya mikono! Customers wanaona!"

"Ni sayansi, bhai."

"Sayansi gani? Wewe unateswa na baridi halafu unafurahi."

Kwa hiyo nimemwelekeza Ba hivi: glavu ndefu mpaka karibu na kiwiko, vifundoni sufu mara mbili, vidole vitatu vya kulia wazi. Mfuko wa tumboni nimeushona mwenyewe, una pande mbili za kuingizia mikono. Weka vile vifuko vya joto humo, karibu na mwili, havitasinzia. Mpini wa chuma ufunge kwa utepe wa pamba niliokuwekea. Na usiukumbatie upinde muda wote, utundike tawini mpaka utakapouhitaji.

Sasa nisikilize. Ba aliniuliza ni za nini, zenye vidole wazi. Nilimwambia Manish anapiga picha za ndege, lazima ahisi kitufe cha kamera. Alifurahi mno. Amefuma siku tisa, na kila jioni alikuwa ananiuliza ni ndege gani wanaokaa kwenye theluji. Unakumbuka tulivyofundishwa: kutenda, kutendesha na kuridhia, vyote vitatu uzito mmoja. Wewe ukiua ukiwa na glavu hizi, Ba atakuwa ameua bila kujua, na mimi ndiye niliyemtia humo. Mwanamke ambaye hali viazi kwa kuogopa kuumiza vijidudu vya udongoni!

Sikujibiwa mara ya kwanza. Nauliza tena. Umeua, au hujaua?

Nishma


Edmonton, Alberta
11 Novemba 2024

Dada,

Jai Jinendra. Kifurushi kimefika Ijumaa. Chevdo imekwisha, Ambrose amekula nusu na kuomba anwani yako. Kikohozi cha Ba si vumbi. Apelekwe kwa daktari, hata akikataa.

Glavu. Sijui nianzie wapi. Jumamosi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, nikakaa saa mbili na dakika arobaini, na vidole vilikuwa vyangu muda wote. Vifundo ndiyo siri. Ambrose amewinda miaka hamsini na hajui hilo. Nilimwazima moja ajaribu, akairudisha shingo upande. Sufu imeshikwa vizuri mno, hakuna hata kitanzi kilicholegea. Ni macho ya miaka themanini na minne.

Sasa nitakujibu. Sijaua. Lakini usishangilie, nisikilize mpaka mwisho. Kwa misimu miwili kulungu wamekuja chini yangu mara nne. Mara nne nimeinua upinde, na mara nne sikuachia mshale. Nikishuka namwambia Ambrose, vidole vilikufa. Anatikisa kichwa, anasema mwakani. Na kweli vidole vilikuwa vimekufa. Nilidhani ndiyo sababu.

Jumamosi hakuja mnyama. Nilikaa pale na mikono yenye joto nikaona aibu, maana nilijikuta naomba asije.

Zimebaki siku kumi na tisa msimu ufungwe.

Manish


Rayners Lane, London
8 Desemba 2024

Manish,

Sijui barua hii italala wapi. Posta ya kwenu imegoma, na posta ya kwetu wanasema hawapokei cha Canada mpaka mgomo uishe. Naiandika hata hivyo, la sivyo nitapasuka.

Ba yumo hospitalini siku ya sita. Ni mapafu. Umesikia kwenye simu, lakini nilichokuambia kwenye simu ni nusu, kwa sababu Nitin alikuwa ananisikiliza, na ningegeukia Kiswahili angejua kuna siri. Madaktari wanasema dawa inafanya kazi taratibu. Ba anasema yuko tayari, na anazungumza kama mtu anayefunga sanduku la safari. Kila anayemsogelea anamwomba msamaha, muuguzi, mfagiaji, mgonjwa wa kitanda cha pili. Mfagiaji ni mama Mkongo, Annonciata, anaongea Kiswahili cha kwao na Ba anamjibu cha dukani. Juzi nilimkuta kamshika mkono akimwambia, "Mimi nakosa wewe, wewe samehe." Annonciata akaniuliza kwa upole, "Huyu mama alinikosea nini?"

Na kila siku ananiuliza kama Manish ameshapiga picha ya ndege. Anataka picha moja, ya karatasi, aiweke kando ya kitanda. Nimeshindwa kumtazama usoni. Nilitaka nimnunulie kadi yoyote yenye ndege, nikaishika pale dukani, nikairudisha. Uongo mmoja unatosha.

Kwenye simu nilikuuliza habari za kazi ya Novemba ukasema "all good". All good ni nini? Sijawahi kukuogopa maishani mwangu, hata ulipokuwa unarusha mawe, na sasa naogopa bahasha yako. Ikija na "hapana", nitamwambia Ba kila kitu nikicheka. Ikija na "ndiyo", sijui kama nina haki ya kumwacha aondoke bila kujua. Kwake hilo ndilo kubwa kuliko kupona: asiondoke na damu asiyoijua.

Nijibu.

Nishma


Edmonton, Alberta
18 Desemba 2024

Dada,

Posta imefunguliwa jana. Najua umeandika, barua yako haijafika, lakini sauti yako ya kwenye simu niliielewa. Nashukuru Ba amerudi nyumbani. Mweke mbali na dirisha.

Nimeua.

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Novemba. Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Mikono ilikuwa na joto, yote miwili, sikuwa na cha kusingizia. Majike wawili walitoka mitini. Mmoja akaja mpaka hatua kumi na tano, akawa anakwangua theluji kwa kwato akitafuta majani.

Nikazivua glavu. Nilizivua polepole, moja kwa meno, nikazitia ndani ya koti, kifuani. Niliwaza kwamba nikilifanya, basi Ba asiwemo. Nikavuta kwa vidole vitupu. Nilijua nina kama dakika moja kabla havijafa. Niliachia mshale kabla dakika haijaisha.

Utauliza kwa nini, na mimi nimejiuliza kila siku. Sikuwa na njaa. Sikuwa na hasira. Ambrose hakuwepo, hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilitaka kujua, dada. Wewe ulitia mikono kwenye friza kwa sababu hukuweza kulala bila kujua, na mimi hivyo hivyo. Miaka miwili nilikuwa najiambia ningeweza, ila vidole. Nilitaka kujua kama mimi ni mtu anayeweza. Naweza.

Alikimbia kidogo akaanguka. Mwenzake alisimama akamwangalia, kisha akaenda zake. Nilimpigia Ambrose, akaja na kisu. Matumbo lazima yatolewe mapema. Akanionesha pa kukata, nikaingiza mikono.

Sasa nakuambia lile nililokaa chini kuliandika. Kulikuwa na joto humo ndani. Vidole vilikuwa vimekufa kabisa, na vilirudi vyote, bila maumivu, na joto likapanda mpaka viwikoni. Hakuna sufu wala kifuko kilichowahi kunipa joto la namna ile. Nikaiacha mikono humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Niliona raha. Nilifumba macho. Ambrose alidhani nasali, akavua kofia.

Tendo la kuua nitaliombea msamaha Septemba pamoja na mengine, nalijua jina lake. Ile raha sijui nimwombe nani.

Nyama sikuila. Upinde uko gereji. Amua wewe cha kumwambia Ba. Mimi nimechoka kuficha.

Manish


Rayners Lane, London
12 Januari 2025

Manish,

Jai Jinendra. Barua yako ilifika tarehe tatu. Nililia dukani mpaka Balwinder akaja kunifungia mlango. Nilikukasirikia siku nne. Nilikukasirikia zaidi kwa sababu nilikuelewa. Nilipofika pale uliposema ulitaka kujua, nilijiona mimi, nimeinama juu ya zile paratha.

Ba ana nguvu kiasi. Anakula khichdi, anazozana na mashine ya oksijeni. Jumatano Nitin alipokwenda kwa daktari wa goti, niliketi kando yake nikamwambia nilidanganya, hakuna ndege. Kisha nikamsomea barua yako, kwa Kiswahili kama ulivyoiandika, polepole. Nilipokaribia habari ya joto nilitaka kuiruka. Nikasita. Akasema, "Soma yote." Nikasoma yote.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kifua chake kubana, nimeshika simu mkononi. Hakulia. Akaanza kuuliza, kimoja kimoja, kwa Kiswahili chake kile cha dukani. Kulungu alikuwa mnene au mwembamba? Nikasema hukuandika. Yule mwenzake alikwenda wapi? Hukuandika. Mkono wake sasa, kidole yote nzima? Nikasema naona ni vizima, ameandika barua ndefu. Akaitikia kwa kichwa.

Halafu akauliza, "Sasa hiyo glavu alitia wapi?"

"Ndani ya koti, Ba. Kifuani. Hakutaka uwemo."

Akasema, "Basi ilikuwa hapo."

Nikaanza kukutetea, nikasema alizivua makusudi, Ba, kwa heshima yako, alivumilia baridi kwa ajili yako. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mtoto yangu alikuwa hapo, mimi pia nilikuwa hapo. Sasa yeye anaomba peke yake, kwa nini? Mwambie kuja. Sisi nakaa pamoja, naomba pamoja. Septemba mbali sana."

Nikamuuliza, "Na ile raha, Ba? Anasema hajui amwombe nani."

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Alikuwa nasikia baridi miaka tatu," akasema. "Yeye aje."

Nikauliza tena, maana huwa siachi: "Na mimi je?"

"Wewe muongo," akasema. "Wewe kaa katikati."

Usimtumie barua. Usimtumie glavu kwa posta. Njoo mwenyewe, Manish. Jana alinituma kushusha mikeka ya sala kutoka juu ya kabati, akaitandika mwenyewe chumbani kwake, mitatu, akipumzika baada ya kila mmoja. Wa kwako uko upande wa rejeta, kwenye joto.

Nishma